Pande la Nyama, Sindano na Maji ya Mkanda

Mzee aliingia kituoni saa kumi na moja jioni kwa miguu yake mwenyewe, kanzu ya harusi ingali inanukia udi, mkononi kashika kopo tupu la maziwa ya unga. Tupu kwa kusema tu, maana ndani mlikuwa na mate. Kila baada ya nusu dakika aliinama, akatema, akajifuta kwa leso, kisha akaendelea na maneno pale alipoyaachia.

"Nyama, mwanangu," akaniambia. "Imekaa hapa." Akagusa kifua katikati.

Haya yalitokea kisiwani Pate, kwenye kituo kidogo nilichokuwa nikihudumu kama tabibu. Umri wa mzee, ukoo na kijiji nimevigeuza ili asitambulike. Saa, dawa na makosa yangu nimeviacha vilivyo, maana kisa chenyewe kimo humo.

Mchana ule kulikuwa na walima, karamu ya harusi. Pilau ililetwa kwa masinia, watu wanne wanne, na anayejua adabu za sinia anajua kwamba mwenyeji ndiye anayewavunjia wageni nyama, na pande zuri husogezwa mbele ya mkubwa. Mzee alisogezewa pande. Huwezi kulirudisha, huwezi kuomba kisu, na huwezi kukaa unatafuna tonge moja robo saa ilhali wenzako watatu wamekungoja. Isitoshe, alikuwa na meno ya bandia juu, na meno hayo humnyima mtu hisia ya kujua alichonacho mdomoni kimelainika au bado. Akameza. Hiyo ilikuwa saa nane na robo mchana.

Waliokuwa karibu walifanya kila wanachokijua. Mpwa wake alimpiga mgongoni. Akapewa tonge la wali asilitafune, alimeze liisukume nyama, nalo likarudi. Ndizi mbivu ikarudi. Nusu chupa ya soda ikarudi puani na mdomoni, na macho yakamtoka machozi. Saa tatu zikapita hivyo kabla mtu hajasema twende kwa daktari.

Lugha yetu imeshaugawa ugonjwa huu mara mbili, nasi hatuutumii mgawo huo. Kupaliwa ni jambo moja na kusakamwa ni jingine. Aliyepaliwa, kitu kimeingia njia ya hewa: anakohoa, na kikiziba kabisa hasemi wala hapumui, na huyo ndiye wa kupigwa mgongoni na kukamuliwa tumbo, palepale, kabla ya dakika kwisha. Aliyesakamwa, kitu kimekaa kwenye umio, bomba la chakula. Anasema, anapumua, pengine hata anatania, ila hakishuki kitu. Mzee wetu alikuwa akinihadithia habari za harusi. Kumpiga mgongoni kulikuwa kumwonea tu. Na lile tonge la wali halikusukuma chochote, lilirefusha kizibo.

Kopo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu aliyekwamwa na nyama akiwa bado anameza mate yake, njia haijaziba yote, na kuna muda kidogo wa kufikiri. Asiyeweza kumeza hata mate, njia imefungwa kabisa. Mate yanajaa juu ya kizibo kama maji nyuma ya lango, na akilala chali au akisinzia yataingia mapafuni. Mwongozo wa 2016 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa endoskopi unasema mgonjwa wa namna hiyo apigwe kamera, ile ya kupitishwa mdomoni, ndani ya saa mbili, zisizidi sita. Asiyezibwa kabisa anapewa hadi saa 24. Nikihesabu tangu alipomeza, saa zake sita zilikuwa zinaishia saa mbili na robo usiku ule, naye alikuwa kisiwani.

Nilimpima. Hakuwa na homa. Nilimpapasa shingoni na juu ya mtulinga, nikitafuta ule mchakacho chini ya ngozi unaotokea hewa inapovuja kutoka umio uliotoboka. Haukuwepo. Niliuliza mara mbili kama nyama ilikuwa na mfupa, maana mfupa hubadilisha kila kitu, wakaapa kwamba ilikuwa mnofu mtupu. Halafu nikamuuliza mkewe, aliyekuwa kimya pembeni, kama mzee huwa anakula vizuri. Mama yule akamtazama mumewe kwanza.

"Nyumbani simpi nyama mpaka niipige kinuni," akasema. "Mwaka wa pili huu."

Mzee akatema koponi asijibu. Ikatoka baadaye kwamba mkate mkavu pia humkaba asipouchovya, na kwamba kiungulia anacho tangu ujanani na hutembea na vidonge vya kutafuna mfukoni. Kumbe nyama ya walima haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Ilikuwa ndiyo siku ugonjwa ulipotoka hadharani.

Hapo ndipo simu ilipolia. Mwanawe wa kiume yuko Uingereza, akawekwa kwenye spika, na kando yake alikuwa rafiki anayefanya kazi hospitalini huko. Rafiki akasema kwa uhakika: apigwe glukagoni, miligramu moja ya mshipa, nyama itashuka. Nikamwambia hatuna. Kimya kilichofuata spikani kilinishusha thamani mbele ya ukoo mzima, nami nakiri kilichangia nililolifanya baadaye.

Glukagoni ni homoni ya kongosho. Kazi yake inayojulikana ni kupandisha sukari ya damu, na ndiyo maana huwekwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari walioshukiwa na sukari mno. Lakini pia hulegeza misuli laini, ikiwemo ile pete ya chini ya umio inayofunga mlango wa tumbo. Mwaka 1977 madaktari wa eksirei Marekani waliandika kwamba waliitumia kwa waliokwamwa na chakula, na tangu hapo imekuwa desturi katika vyumba vya dharura vya nchi nyingi. Inavutia, kwa sababu sindano inatolewa kwa dakika moja na kamera inahitaji mtaalamu, chumba na mashine.

Shida ni kwamba ilipopimwa kwa haki haikuonyesha nguvu hizo. Katika jaribio la Sweden lililochapishwa 1995, wagonjwa 43 waligawanywa, wengine wakapewa glukagoni pamoja na diazepamu, dawa ya kutuliza, wengine dawa ya bandia, bila ya yeyote kujua kapewa nini. Chakula kilishuka kwa 9 kati ya 24 waliopata dawa, na kwa 6 kati ya 19 waliopata ya bandia. Tofauti hiyo haitoshi kuiitia dawa. Tena glukagoni hutapisha. Kumtapisha mtu ambaye bomba lake limezibwa kabisa ni kusukuma kwa nguvu ukuta uliokwisha kunyooka, na ukuta huo unaweza kupasuka. Na hata ikifanya kazi yake barabara, inalegeza msuli tu. Kovu halilegei. Kama kilichombana mzee ni msuli uliokakamaa, sindano ingekuwa na la kusema. Kwa mtu wa kinu miaka miwili, hilo sikulidhania.

Haya yote nilikuwa nayajua. Hata hivyo kabatini nilikuwa na hayosini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Buscopan, dawa ya kukata msokoto wa tumbo. Nayo hulegeza misuli laini, na nayo haijathibitika kumsaidia aliyekwamwa na chakula. Ukoo ulikuwa umejaa mlangoni, spika inangoja. Nikampiga miligramu 20 mshipani. Nikasema tusubiri tuone.

Baada ya nusu saa kopo lilikuwa karibu kavu.

Furaha iliyoingia kituoni siku ile siisahau. Mpwa alinishika mkono. Mzee mwenyewe alisema, "Naona nafuu." Nami, bila aibu ya kusema, niliona nafuu. Tulikaa hivyo tukingoja "ishuke yote" mpaka jua likazama. Kisha nikampa maji kijiko kimoja. Yalikaa pumzi tatu, yakarudi.

Nyama haikuwa imesogea hata unywele. Kilichotokea ni kwamba hayosini hukausha mate. Ni athari yake ya kawaida, imeandikwa kwenye karatasi ya kila boksi. Nilikuwa na dalili moja tu ya kuaminika, lile kopo, na nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe kisha nikashangilia kimya chake. Sijawahi kusoma mahali mtu akiliandika kosa hili hivi, lakini nadhani silo langu peke yangu. Na mzee wa umri ule, mwenye kuamka mara mbili usiku kwenda msalani, nilipaswa pia kukumbuka kwamba dawa hiyo hufunga mkojo. Saa tano za usiku alihangaika na kibofu mpaka nikaanza kutafuta mpira wa kutolea mkojo. Kwa bahati alikojoa mwenyewe.

Gharama kubwa zaidi ilikuwa baharini. Siku ile ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Kwetu maji ya bamvua hujaa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na yakipwa hupwa hasa. Mashua za Pate kwenda Lamu, na Mokowe iliyo bara, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakishatoka. Mzee alipoingia kituoni, maji yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kurudi nyuma. Nilipompigia nahodha simu, saa moja kasoro, alicheka kidogo, si kwa dharau.

"Tabibu, tukifika pale tutashuka tutembee matopeni. Na nje ya Manda usiku huu, na upepo huu wa kusi, mimi sipeleki mgonjwa."

Si kwamba safari ya jioni ingemaliza kila kitu. Barabara ya Mokowe hadi Garsen, njia ya kwenda Mombasa, usiku haikuwa ya kupitika hivihivi kwa sababu za usalama, na kamera aliyoihitaji ilikuwa Mombasa. Lakini angelala mjini, penye eksirei na madaktari, si kwenye kituo cha taa ya sola na mimi. Sindano yenyewe haikumdhuru sana. Kilichomdhuru ni ule muda tuliokaa tukiitazama. Tangu siku ile nikiwa na mgonjwa wa namna hii, nahodha au dereva hupigiwa simu kwanza. Anayetaka sindano iwe sindano, lakini injini imeshawashwa.

Saa mbili usiku shangazi yake mzee akaja na bilauri imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na maji meupe mazito ya papai bichi.

Hoja yake ilikuwa safi kuliko ya spika ya Uingereza. Kila mpishi wa mishkaki wa Lamu anajua kwamba nyama ngumu ukiipaka papai bichi ikalala saa chache inakuwa kama siagi. Nyama imekwama, ilainishe. Na si fikra ya kijijini: utomvu huo una kimeng'enya kiitwacho papaini, na katika miaka ya 1940 madaktari wa Marekani walikuwa wakiwanywesha wagonjwa papaini kwa sababu ileile ya shangazi. Waliacha kwa sababu kimeng'enya hakitofautishi nyama ya ng'ombe na nyama ya mwenye umio. Ukuta uliokandamizwa na kizibo kwa saa nyingi umeshadhoofika, damu haiufiki vizuri. Ukiumwagia papaini unaweza kutoboka, na kilichomo kikamwagikia kifuani karibu na moyo. Watu walikufa hivyo. Na ikipotea njia ikaingia mapafuni, huko nako inakula.

Nilimwomba shangazi bilauri nikaimwaga nje mbele yake, jambo ambalo lilihitaji maelezo marefu na radhi. Nikamwambia: "Shangazi, papai lako lina nguvu kweli. Ndiyo sababu siliachi limfike." Aliridhika nusu.

Usiku ule mzee alikaa kwenye kiti, ameegemea mbele juu ya mito miwili, drip mkononi kwa kuwa hakunywa tangu mchana, na kopo, ambalo kufikia saa nne lilikuwa limerudi kazini. Sikumpa kitu kingine kwa mdomo. Kila saa nilimpapasa shingo na kumpima joto. Kama angepata homa au maumivu makali ya kifua ningejua tumeingia ukurasa mwingine.

Tulitoka Mtangawanda, gati la Pate, saa tisa na nusu usiku, maji yakipanda. Ndani ya Mkanda, giza bado, mikoko pande zote mbili na injini imepunguzwa, mzee akainua mkono. Tukanyamaza. Akameza. Akameza tena.

"Imeteremka," akasema.

Nilimpa maji kijiko, kisha funda. Yalishuka. Ilikuwa imepita karibu saa kumi na nne tangu walima.

Mabishano ya mashuani yalianza kabla maji hayajakauka kwenye kijiko. Mpwa alisema ni sindano, imechelewa tu kuingia. Mkewe alisema ni kisomo alichokisoma usiku kucha. Nahodha akasema ni mtikisiko wa mashua, ameyaona mengi. Mwana wa Uingereza, kwa ujumbe wa sauti, akauliza kwani soda aliyokunywa mchana ilikuwa kola? Maana huko wanasema kola huyeyusha.

Kisomo sikibishi, si fani yangu. Hayosini ilipigwa saa kumi na moja na nusu jioni, na nguvu yake huisha ndani ya saa chache. Alfajiri haikuwemo tena. Kuhusu kola, Waholanzi walilipima jambo hili waziwazi na matokeo yao yakachapishwa Desemba 2023: wagonjwa 51, 28 wakanywa kola kidogo kidogo, 23 wakangoja tu. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 61 kwa wanywaji, na asilimia 61 kwa waliongoja. Namba ileile. Umio una mawimbi yake, haukomi kusukuma, na mara nyingi hushinda wenyewe. Mtu akikwamwa saa kumi na nne, katika saa hizo atakuwa amepewa vitu saba, na kile kilichotangulia kidogo kabla ya kufunguka ndicho kitakachoitwa dawa kijijini kwa miaka ishirini ijayo.

Ubishi wa maana ulikuja gati la Mokowe, jua linachomoza. Mzee ameomba chai. Ana njaa. Gari ya mkwewe inangoja kumpeleka Mombasa, nauli na siku mbili za watu wazima zinahesabiwa, na mzee anataka kugeuza mashua. "Mwanangu, mgonjwa amepona. Tunampeleka nani?"

Nilimjibu kwa kinu. Nilimwambia nyama imepita, lakini kilichoizuia kimebaki palepale, na mkewe amekuwa akikijua miaka miwili. Umio wa mtu mzima ni kama sentimita 25 na una mahali patatu penye wembamba wa asili, lakini pande la kawaida la nyama hupita pote patatu. Likikwama, mara nyingi kuna kilichobana: kovu la asidi, pete ya utando, mzio unaokakamaza ukuta, msuli usiofunguka, au uvimbe. Neno la mwisho sikulitaja kwa sauti kubwa. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi zaidi, na mlango wake wa kuingilia hospitali ni huu huu: kwanza nyama, halafu mkate, halafu uji. Mkewe alinisikia. Yeye ndiye aliyeingia garini kwanza, akakaa, akafunga mlango. Mzee akafuata akinung'unika.

Aliruhusiwa maji tu njiani. Mombasa walimpiga kamera kesho yake asubuhi. Hakukuwa na nyama. Karibu na mlango wa tumbo palikuwa na wembamba wa kovu, kazi ya kiungulia cha miaka, na juu yake mchubuko mwekundu pale pande lilipolala. Walichukua vipande vya kupima, wakampa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na baada ya wiki mbili majibu yalirudi hayana saratani. Ndipo walipompanua kwa puto, kidogo kidogo, si kwa siku moja, maana kovu likilazimishwa hupasuka.

Alikuja kunisalimu baada ya hapo, bila kopo. Anakula nyama iliyokatwa ndogo, kwenye sahani yake peke yake hata walima, na anasema vijana wanamwona kama mzungu. Shangazi yake bado anashikilia kwamba harufu ya papai ilimfikia kabla sijalimwaga. Mzee amepangiwa puto la pili mwezi ujao, akaniuliza siku gani ni nzuri kusafiri. Nilitazama kalenda ya mwezi, nikamwambia achague bamvua, wapite Mkanda na maji ya alfajiri.